Tunaaga Familia Nzima, Tunaandaa Baba Peke Yake

Ibada ya kuaga mmisionari ina mpangilio wake, na kila msharika anaujua. Familia inaitwa mbele. Baba kavaa suti, mama kavaa kitenge kilichoshonwa sare na cha mabinti, mtoto wa mwisho anavutavuta waya wa maikrofoni. Katibu anasoma wasifu: alizaliwa wapi, alisoma chuo gani cha theolojia, alitumika sharika zipi, wito aliupata lini. Ni wasifu wa baba. Mama anatajwa kwenye sentensi ya mwisho, kwamba "ataambatana na mumewe", na watoto wanatajwa kwa idadi. Wanawekewa mikono, kwaya inaimba, harambee inapigwa, na wiki mbili baadaye wako uwanja wa ndege.

Wasifu ule ungekuwa kosa la katibu tu, tungelisamehe. Bahati mbaya ndivyo maandalizi yenyewe yalivyokwenda kwa mwaka mzima. Baba ndiye aliyehojiwa na kamati ya misheni, ndiye aliyepelekwa kozi, ndiye aliyesoma habari za nchi anayokwenda. Wanaopanda ndege ni watano na aliyeandaliwa ni mmoja. Na kuna wa sita ambaye hapandi ndege wala haandaliwi kabisa: kanisa linalobaki.

Katikati ya miaka ya 1990, World Evangelical Fellowship, umoja wa kimataifa wa makanisa ya kiinjili, iliendesha utafiti katika nchi 14 zinazotuma wamisionari ili kujua kwa nini watu hurudi kabla ya wakati wao. Makadirio yake yalikuwa kwamba kila mwaka takribani 5.1% ya wamisionari huacha kazi, yaani mmoja katika kila 20, na kwamba 71% ya hao huondoka kwa sababu ambazo zingeweza kuzuilika. Lakini kinachotuhusu zaidi ni mgawanyo wa sababu. Kwa nchi zilizozoea kutuma, kama Marekani, Uingereza, Ujerumani na Denmark, jambo lililowarudisha watu kuliko mengine yote yanayozuilika lilikuwa watoto. Kwa nchi mpya katika kazi hii, kama Nigeria, Ghana, Brazil na Korea Kusini, lilikuwa kukosa kuungwa mkono na nyumbani. Kenya na Tanzania hazikuwamo katika zile 14, ila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kamati ya misheni ya usharika wetu wowote atajua tunaingia kundi gani. Na kwa kuwa siku hizi tunatuma familia zenye watoto wa shule, tumeanza kuingia makundi yote mawili kwa pamoja.

Tuanze na fedha, maana ndipo mambo huharibika kwanza.

Wengine huenda kwa mfumo wa kubadilishana watumishi kati ya makanisa dada. Mfano unaojulikana ni Vereinte Evangelische Mission yenye makao yake Wuppertal, Ujerumani, ambayo tangu 1996 ni ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, yakiwamo ya dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Huko mkataba upo, na posho ina mwenyewe. Wengine wengi, hasa wa makanisa ya kipentekoste na ya kiinjili, huenda kupitia mashirika yanayomtaka mmisionari akusanye mwenyewe ahadi za kila mwezi kutoka kwa watu na makanisa. Mfumo huu ulitengenezwa na watu wenye mishahara ya benki na malipo yanayojikata yenyewe tarehe 1. Tumeuchukua kama ulivyo na kuupandikiza kwenye nchi ambako mshahara huchelewa, mavuno hukataa, na mtu mmoja ana kadi za ahadi za ujenzi, za kipaimara cha mtoto wa dada yake na za harusi tatu.

Tuchukue mfano. Familia ya watu 5 inahitaji Sh milioni 5 za Tanzania kwa mwezi: kodi ya nyumba 1,300,000, chakula na usafiri 1,200,000, ada za watoto 800,000, bima ya afya 500,000, chuo cha lugha 300,000, akiba ya tiketi na ya kurudi 400,000, michango ya NSSF 200,000, na 300,000 za ukoo (hizi za ukoo tutazirudia). Kwenye karatasi, watu 250 wenye ahadi ya 20,000 kila mmoja wamemaliza kazi. Kamati inapiga makofi na kukata tiketi.

Ahadi ya mtu mmoja mmoja ihesabiwe kwa theluthi mbili yake. Iliyoandikwa kwenye bajeti ya usharika ndiyo ihesabiwe kamili. Kwa hiyo kama kuna sharika 4 zinazotoa 600,000 kila moja, hizo ni 2,400,000 za kutegemea. Zinabaki 2,600,000, na ili zipatikane kweli inabidi ziahidiwe 3,900,000, yaani watu 195 wa 20,000. Halafu tiketi isikatwe siku ahadi zilipotimia. Ikatwe baada ya fedha kuingia kamili miezi 3 mfululizo, familia ikiwa bado nyumbani, baba akiwa bado anafanya kazi. Miezi hiyo mitatu itaonyesha nani alimaanisha na nani alisukumwa na kwaya.

Harambee ya siku ya kuaga ina madhara yake pia. Huleta fedha nyingi za mara moja, ambazo hulipa tiketi na viza na masanduku, na humpa mtoaji hisia kwamba amekwisha kutuma. Ukimfuata miezi mitano baadaye atakuuliza kwa mshangao wa kweli: si tulichanga? Mwenye busara angeitenga harambee kwa gharama za kuondokea tu, akaitangaza hivyo madhabahuni, na kadi za kila mwezi akazigawa Jumapili nyingine kabisa.

Kisha kuna uhamisho wa wachungaji, na hapa ndipo familia nyingi hukwama bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mchungaji aliyewatuma aliwapenda, aliwapigia simu, alisimama mbele kila mwisho wa mwezi kukumbusha. Anahamishwa. Mchungaji mpya anakuta jina la familia kwenye ubao wa matangazo, picha imefifia, na hakuna muhtasari wa kikao unaosema usharika uliahidi nini. Ahadi ilikuwa kwenye daftari la mwenzake. Haisitishwi na mtu yeyote, hukatika kimya kimya. Dawa yake ni ya kiofisi na haina uzuri wowote: azimio la baraza la wazee lenye kiasi na muda, kifungu chake kwenye bajeti ya mwaka, akaunti yenye watia saini watatu, na mtu mmoja ambaye si mchungaji, mwenye simu na muda, anayewajibika kuipigia familia kila wiki mbili na kuripoti kwenye kikao. Akina mama wa umoja wa wanawake huifanya kazi hii vizuri kuliko kamati nyingi, kwa sababu huuliza mambo ambayo kamati haiulizi. Mtoto amepona? Jiko mmepata?

Thamani ya shilingi nayo haisubiri maombi. Januari 2022 dola 1 ilikuwa kama Sh 113 za Kenya. Januari 2024 ilifika karibu 160, kabla ya kushuka tena hadi 130 hivi. Familia iliyotumiwa Sh 200,000 bila kupungua hata ndururu ilipokea kama dola 1,770 mwanzoni, na kama dola 1,250 miaka miwili baadaye. Kwa wachangiaji hakuna kilichobadilika. Kwa mama anayelipa kodi ya nyumba, dola 520 zimeyeyuka. Bajeti ya familia iandikwe kwa fedha ya kule wanakoishi, ipitiwe kila miezi 6, na iwe na nyongeza ya 10% hadi 15% kwa ajili ya jambo hili tu. Asiyeiweka atajikuta anaandika barua ya kuomba, na barua ya pili ya kuomba husomwa kama lawama.

Sasa ukoo. Fomu za bajeti za mashirika ya nje zina mstari wa intaneti, wa mapumziko, hata wa vitabu. Hazina mstari wa mama mzazi aliyeko Makete anayetumiwa 50,000 kila mwezi, wala wa mdogo wake anayesomeshwa kidato cha tatu. Familia inapojaza fomu ile kwa kufuata mistari iliyopo, imeandika uongo bila kukusudia, maana fedha hizo zitatoka vyovyote vile. Zitatoka kwenye chakula au kwenye bima. Ziandikwe. Mtoaji wa kwetu hatashangaa kuziona, yeye mwenyewe anazo, na shirika la nje likishangaa, lielezwe.

Msiba uzungumzwe kabla ya kuondoka, ukoo mzima ukiwa umeketi, ikiwezekana na mchungaji akiwapo. Nani akifariki mmisionari anarudi? Wengi wanaolifikiria jambo hili mapema huamua hivi: wazazi wa pande zote mbili, ndugu wa tumbo moja, basi. Kwa hao kuwe na mfuko wa tiketi 2 za dharura ambao hauguswi kwa jambo lingine. Kwa wajomba na mashangazi, familia inatuma rambirambi na mtu wa kuiwakilisha. Lisiposemwa mapema, litasemwa usiku wa msiba kwenye simu, na mmisionari ambaye hakuja kumzika baba yake mkubwa atarudi miaka mitatu baadaye akute ukoo umemfungia mlango. Au atakuja, na kodi ya miezi minne imeteketea.

Mtu atasema tunaweka fedha mahali pa imani, maana Bwana aliwatuma wale sabini bila mfuko wala mkoba wala viatu. Kweli, iko Luka 10. Lakini wale walikwenda wawili wawili, kwa safari fupi, ndani ya nchi yao na lugha yao, bila watoto. Na katika Luka 22 Bwana yuleyule anawakumbusha safari ile, kisha anawaambia kwamba sasa mwenye mfuko auchukue. Anayenukuu sura ya kumi aendelee kusoma.

Kuna gharama moja tuitazame kwa karibu kwa sababu imezishangaza familia nyingi: viza ya Uingereza. Makanisa ya Waafrika Mashariki yamejaa London, Reading na Leeds, na wachungaji huitwa huko mara kwa mara. Mchungaji na familia yake wakiomba viza ya mhudumu wa dini, lazima kanisa linalowapokea liwe na leseni ya kudhamini na litoe hati ya udhamini. Wengi hilo wanalijua. Wasilolitazamia ni tozo ya huduma za afya, ambayo hulipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba, kwa kila mtu na kwa kila mwaka wa viza. Kwa viwango vilivyoanza Februari 2024, mtu mzima ni pauni 1,035 kwa mwaka na mtoto ni pauni 776. Baba, mama na watoto 3 kwa miaka 3: wakubwa pauni 6,210, watoto pauni 6,984. Jumla ni pauni 13,194, kabla ya ada ya viza yenyewe, kabla ya tiketi. Kamati iliyochangisha "nauli" inakuta nauli ndiyo sehemu ndogo.

Kanisa linalodhamini lisipothibitisha kwamba litawatunza mwanzoni, familia huonyesha akiba benki: pauni 1,270 za mwombaji, 285 za mwenzi wake, 315 za mtoto wa kwanza na 200 kwa kila anayefuata, yaani pauni 2,270 kwa familia hii, zikiwa zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya hapo. Sisi hufanya harambee Jumapili, tunaweka benki Jumatatu na kuwasilisha maombi Ijumaa. Maombi yanakataliwa, ada imekwenda, na kanisani inatangazwa kwamba ibilisi amefunga mlango. Ibilisi anasingiziwa mengi. Siku hazikutimia 28.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, uthibitisho wa polisi, cheti cha kipimo cha kifua kikuu (kwa Uingereza hudumu miezi 6 tu, kwa hiyo usikichukue mapema mno), pasipoti ambazo zimebakiza zaidi ya miezi 6 baada ya safari: hivi vianze kushughulikiwa mwaka mmoja kabla. Kinachochelewesha hasa ni majina. Mama ni Neema kwenye cheti cha kuzaliwa, Neema Anyisile kwenye cheti cha shule, na Neema wa ukoo wa mume kwenye cheti cha ndoa, na ofisa wa ubalozi anaona wanawake watatu. Kiapo cha majina mbele ya wakili hufanyika kwa siku moja hapa nyumbani. Ukiwa kule, ni kazi ya miezi.

Usiende kwa viza ya utalii kufanya kazi ya kanisa. Nchi nyingi zina kibali cha kazi ya dini. Thailand ina daraja lake la viza kwa ajili hiyo, Japani nayo ina hadhi ya ukaazi ya shughuli za dini. Pasipokuwa na kibali cha namna hiyo, aende kwa taaluma yake na aifanye taaluma hiyo kweli, asiwe na kampuni ya karatasi. Akila na Prisila walishona mahema ya kuuzwa.

Na tuwatumie hao hao kumwingiza mama, maana Maandiko mara nyingi humtaja Prisila kwanza, na sisi tunamtaja kwenye sentensi ya mwisho ya wasifu.

Mama ahojiwe peke yake, na mwanamke. Kwa saa mbili, mumewe asiwepo, wala mkuu wa jimbo asiwepo. Maswali yasiwe ya kumfanya ajibu vizuri. Kama ungeulizwa wewe kwanza, ungesema twende? Unaacha nini? Ukiamka Jumanne ya mwezi wa pili, mumeo ametoka, watoto wameenda shule, wewe unafanya nini? Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linalotabiri mengi. Kama hakuna jibu, familia haijawa tayari hata kama baba amejiandaa miaka kumi.

Wengi wa akina mama hawa ni walimu na wauguzi, watu waliokuwa na cheo, mshahara na ufunguo wa ofisi. Akiwa mtumishi wa serikali, aombe likizo bila malipo kwa maandishi na apate jibu kwa maandishi. Asipotee kazini hivi hivi, kwani utoro utamfuata kwenye mafao. Leseni ya uuguzi iendelee kulipiwa. Michango ya pensheni iendelee, kwa jina lake mwenyewe, si jina la baba peke yake, na iwemo kwenye bajeti. Na viza yake isomwe kwa makini: kuna nchi ambako mwenzi wa mmisionari anaruhusiwa kufanya kazi, na kuna nchi ambako haruhusiwi hata kufundisha chekechea.

Kubwa kuliko yote kwa mama ni lugha. Mpango wa kawaida ni huu: mwaka wa kwanza baba anakwenda chuo cha lugha, mama anabaki na mtoto mdogo "mpaka tutulie". Hakuna kutulia. Mwaka unaisha baba anahubiri kwa karatasi na anachekeshwa na majirani, mama anajua kuhesabu nyanya na kusema asante. Akiugua mtoto, hawezi kumweleza daktari. Akialikwa kwenye chai ya wanawake, anatabasamu saa mbili mpaka mashavu yanauma. Mwaka wa pili anaanza kuumwa kichwa kila Jumapili. Nyumbani tunaambiwa familia imerudi "kwa sababu za kiafya", na si uongo.

Ratiba yake ni rahisi, ila lazima iandikwe kwenye mkataba wa kutumwa: baba darasani saa 2 asubuhi hadi saa 6, mama darasani saa 8 mchana hadi saa 11, mtoto anapokezanwa. Au fedha ya mlezi wa mtoto iwekwe kwenye bajeti kama ada ya chuo ilivyowekwa. Miezi 12 ya kwanza baba asipewe mahubiri wala uenyekiti wa kitu chochote. Kanisa linalotuma linapenda taarifa za ubatizo mapema, nalo ndilo linalovunja ratiba hii kwa kuuliza kila mwezi, "Kazi inaendeleaje?" Kazi ya mwaka wa kwanza ni vitenzi.

Watoto sasa. Wamisionari waliokuja huku kwetu walilijua suala hili kwa uchungu: Africa Inland Mission ilianza kazi Kenya mwaka 1895, na kufikia 1906 watoto wa wamisionari wake walikuwa na shule yao Kijabe, Rift Valley Academy, ambayo iko hadi leo. Makanisa yetu yanayotuma hayana shule ya namna hiyo mahali popote duniani, wala hayatakuwa nayo karibuni, kwa hiyo swali la shule linaamuliwa mtoto kwa mtoto. Aliye chini ya miaka 7 atakwenda shule ya mtaani na atawashinda wazazi lugha kabla ya Pasaka. Wa miaka 8 hadi 11 atalia nusu mwaka kisha atasimama. Wa miaka 13 na kuendelea, kwa maoni yetu, asihamishwe kwenda nchi ya lugha mpya isipokuwa kuna shule inayofundisha kwa Kiingereza na ada yake imeshapatikana. Kama haipo, familia isubiri, au iende nchi nyingine. Kumwacha kwa shangazi "amalize kidato cha nne" hufanywa sana, na wakati mwingine hutokea vizuri, ila mtoto aulizwe, tena asiulizwe mbele ya shangazi.

Kiswahili hupotea haraka kuliko wazazi wanavyodhani. Mtoto aliyeondoka ana miaka 5 akirudi ana 9 anakielewa lakini anajibu kwa lugha nyingine, na shule ya msingi ya serikali Tanzania inafundisha kwa Kiswahili. Anawekwa darasa la chini ya umri wake. Kwa hiyo vitabu vya kiada vya Kiswahili na hisabati vya madarasa mawili yajayo viingie kwenye sanduku, na nusu saa kila jioni iwe ya Kiswahili cha kusoma na kuandika, maana cha kuongea peke yake hakitoshi. Ripoti za shule za kila muhula zihifadhiwe, zenye muhuri. Aliyemaliza sekondari nje, cheti chake kitapelekwa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kulinganishwa, na baraza halilinganishi maelezo ya mdomo.

Kuhusu masanduku tusikae sana. Mashirika mengi ya ndege kwa safari za mbali hutoa vipande 2 vya kilo 23 kwa kila msafiri mwenye kiti, hivyo familia ya watano ina hadi kilo 230, na bado watu hulipia ziada. Samli ya kopo na nyama ya kukausha haziruhusiwi kuingia nchi za Umoja wa Ulaya wala Uingereza na mizigo ya abiria, huishia kwenye pipa la forodha mbele ya bibi aliyezitoa akiangalia picha kwenye WhatsApp. Mwiko na kinu kidogo cha vitunguu saumu hupita.

Afya ina mambo ya kufanya mapema na jambo moja linalosahauliwa. Ya mapema: kadi ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 dozi moja ni ya maisha, kwa hiyo asikudai mtu ya pili, watoto walio chini ya miezi 9 kwa kawaida hawachanjwi, na wahitaji barua ya daktari. Bima ya afya ya taifa ya Tanzania (NHIF) haivuki mpaka. Bima mpya isomwe ukurasa wa yasiyolipwa kabla ya ukurasa wa yanayolipwa: ujauzito, kisukari kilichokuwapo tayari, na kusafirishwa mgonjwa.

Linalosahauliwa ni malaria ya kurudi. Mtu aliyekulia Kanda ya Ziwa ana kinga kiasi aliyoijenga kwa kuumwa mara nyingi, na kinga hiyo hufifia akikaa miaka michache mahali pasipo na malaria. Mtoto aliyezaliwa kule hana kabisa. Familia inakuja likizo Julai, inapelekwa moja kwa moja kijijini Sengerema kusalimia, watoto wanalala wanne kitanda kimoja na binamu zao bila chandarua kwa sababu "ni nyumbani", na wiki ya pili wote wako hospitali, wakiugua vibaya kuliko binamu zao. Pwani yetu iliwahi kuona jinsi homa inavyomtendea asiye na kinga: Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, alizikwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika, na mtoto wao mchanga akafuata siku hizo hizo. Familia inayorudi likizo ihesabiwe kama wageni. Dawa ya kinga waanze kabla ya kupanda ndege, vyandarua vinunuliwe na usharika, viwe vimetundikwa wakifika.

Kurudi kwa jumla hakuna kamati. Kuna kamati ya kutuma, haijawahi kuundwa ya kupokea. Familia inashuka na masanduku manane, nyumba waliyokuwa wakiishi ina mchungaji mwingine, mwenye nyumba wa mtaani anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, shule zinataka ada ya muhula, na posho ya misheni imesimama siku walipotua kwa kuwa "wamerudi". Katika zile 400,000 za akiba za kila mwezi, 250,000 ziwe za jambo hili: kwa miaka 3 ni milioni 9, ambazo hulipa kodi ya nusu mwaka, ada ya muhula wa kwanza, na miezi miwili mitatu ya chakula, baba na mama wakipumzika na kusimulia kabla hawajapangiwa kazi. Akaunti yake iwe tofauti, mama awe mmoja wa watia saini, na taarifa ya benki isomwe kwenye kikao cha Januari kila mwaka pamoja na ya ujenzi.